Kiwanda cha 'silaha zisizoua': Mwekezaji mdogo aangalie nini?

MAUZO ya kampuni ya TASER International ya Marekani, inayojulikana kwa bunduki zake za umeme, yalishuka kutoka dola milioni 67.6 mwaka 2004 hadi dola milioni 47.7 mwaka 2005. Huo ni upungufu wa asilimia 29. Katika kipindi hicho hicho faida ya kampuni baada ya kodi ilianguka kutoka dola milioni 18.9 hadi dola milioni 1.1, sawa na upungufu wa asilimia 94.

Mwekezaji mdogo akiziona tarakimu hizo anaweza kudhani kuwa kuna fedha zilizoibwa. Haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya jibu imo kiwandani, katika kazi ya ofisa ambaye jina lake ni nadra kutajwa katika kurasa za masoko, yaani mkuu wa uzalishaji. Ndiye anayeamua kiwanda kiwe na ukubwa gani, vipuri vinunuliwe lini, wafanyakazi waajiriwe wangapi na mali iliyokwisha tengenezwa ikae ghalani kwa muda gani. Maamuzi hayo hufanywa miezi mingi kabla ya fedha za mauzo kuonekana katika mahesabu.

Mkasa wa kampuni hiyo unafaa kuchambuliwa na kila anayenunua hisa za kampuni ya viwanda, iwe Dar es Salaam, Nairobi au New York, kwa kuwa kanuni zake ni zile zile.

Hewa badala ya baruti

Bunduki ya umeme ilibuniwa na Bw. Jack Cover, mwanasayansi wa Marekani, aliyepata hakimiliki yake mwaka 1974. Kifaa hicho hurusha vishale viwili vilivyofungwa kwenye nyaya nyembamba. Vishale vikinasa, umeme hupita na misuli ya aliyepigwa hukakamaa kwa sekunde chache, muda unaotosha askari kumfunga pingu.

Tatizo la Bw. Cover lilikuwa baruti. Kwa kuwa vishale vilirushwa kwa baruti, mwaka 1976 serikali ya Marekani ilikiweka kifaa hicho katika kundi la bunduki za moto, na masharti ya kukiuza yakawa magumu. Soko likafa kabla ya kuzaliwa.

Mwaka 1993 ndugu wawili, Rick na Tom Smith, walianzisha kampuni katika mji wa Scottsdale, jimbo la Arizona. Wakishirikiana na Bw. Cover, waliondoa baruti na kuweka gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa katika katriji ndogo. Kwa badiliko hilo la kiufundi kifaa kikaacha kuhesabiwa kuwa bunduki ya moto chini ya sheria za serikali kuu, na mlango wa biashara ukafunguka.

Hata hivyo mlango haukufunguka wote. Kampuni nyingine iliyokuwa na haki za teknolojia hiyo iliwazuia kuwauzia polisi hadi mwaka 1998. Katika miaka hiyo walijaribu kuwauzia raia wa kawaida, na pia wakatengeneza kufuli ya usukani wa gari yenye umeme ya kuwatisha wezi. Kufuli hiyo haikupata wanunuzi na nusura iizamishe kampuni. Mtaji uliokwisha geuzwa kuwa mali isiyouzika haurudi kwa urahisi.

Kuokoka kwao kulitokana na toleo la M26, lililotoka mwaka 1999 likiwalenga polisi. Mei 2001 kampuni iliuza hisa kwa umma kupitia soko la Nasdaq na kupata takriban dola milioni 10.

Ndani ya kiwanda

Kiwanda cha aina hii hakina tanuru wala mitambo mizito kama kiwanda cha saruji. Kazi kubwa ni kuunganisha. Maganda ya plastiki, bodi za saketi, nyaya, vishale na vikopo vya gesi huletwa, na wafanyakazi huviunganisha hatua kwa hatua, hupima, hufungasha na kuandika namba.

Kwa hiyo mkuu wa uzalishaji ana mizigo minne mikubwa. Wa kwanza ni ugavi. Kifaa kimoja kikikosa kipuri kimoja cha saketi hakiuziki, hata kama vipuri vingine vyote viko mezani. Mara nyingi vipuri vya elektroniki huagizwa miezi kadhaa kabla, na kalibu za plastiki hugharimu fedha nyingi kabla ya ganda la kwanza kutoka. Akiagiza kidogo, oda za polisi zinachelewa. Akiagiza sana, fedha za wenye hisa zinalala stoo.

Mzigo wa pili ni upimaji. Redio ikiharibika, mteja huirudisha dukani akapewa nyingine. Kifaa cha kujihami kikigoma kufyatuka wakati askari anakabiliwa na mtu mwenye kisu, hakuna nafasi ya kukirudisha. Kikitoa umeme kuliko ilivyokusudiwa, anayeumia ni aliyepigwa, na kesi inakuja kwa mtengenezaji. Ndiyo maana vifaa hupimwa kabla ya kufungashwa, na mkaguzi wa ubora anapaswa kuwa na mamlaka ya kusimamisha kazi hata kama lori la kupakia linasubiri nje.

Wa tatu ni kumbukumbu. Katriji za matoleo ya M26 na X26 zikifyatuliwa hutawanya vikaratasi vidogo kati ya 20 na 30 vyenye namba ya katriji hiyo, ili mpelelezi aweze kujua nani aliyepewa. Vifaa vyenyewe vilihifadhi saa na tarehe ya kila kufyatuliwa. Mpango huo hauna maana kama kiwandani namba zimechanganywa. Kosa la karani mmoja wa kufungasha linaweza kuvuruga ushahidi mahakamani miaka mitatu baadaye.

Mzigo wa nne ni mwendo. Polisi hawanunui kama wanunuzi wa sabuni. Mji mdogo unaweza kuagiza vifaa 20, halafu jiji kubwa likaagiza maelfu kwa mkupuo mara bajeti yake inapopitishwa. Ukiuza nje ya Marekani unahitaji pia kibali cha Wizara ya Biashara ya nchi hiyo, nacho hakitoki kwa ratiba ya kiwanda. Mkuu wa uzalishaji anatakiwa kuendesha mstari wenye mwendo sawa kila wiki huku oda zikija kama mvua za masika.

Miaka ya neema

Mwaka 2003 kampuni ilitoa toleo la X26, dogo na jepesi kuliko M26, ambalo askari angeweza kulivaa kiunoni kutwa nzima bila kuchoka. Mauzo, ambayo mwaka 2002 yalikuwa dola milioni 9.8, yalipanda hadi dola milioni 24.5 mwaka 2003 na dola milioni 67.6 mwaka 2004. Kiwanda kilitakiwa kukua karibu mara saba katika miaka miwili.

Wenye hisa walisherehekea. Mwaka 2004 pekee hisa ziligawanywa mara tatu: kwanza hisa moja ikawa tatu, kisha moja ikawa mbili, na tena moja ikawa mbili. Aliyeanza mwaka na hisa 100 alimaliza akiwa na hisa 1,200. Ni vyema kukumbusha hapa kuwa kugawanya hisa hakuongezi mali ya kampuni hata senti moja, ni sawa na kukata mkate uleule vipande vingi zaidi. Lakini wanunuzi wengi wadogo waliuchukua mgawanyo huo kama habari njema na wakaendelea kununua.

Nyuma ya sherehe hizo kampuni ilikuwa inajijenga kwa ajili ya mahitaji makubwa zaidi. Ilijenga makao mapya na kiwanda mjini Scottsdale, jengo la takriban futi za mraba 100,000, na kuhamia humo mwaka 2005. Huo ndio mwaka ambao oda zilipungua.

Kilichotokea 2005

Oda zilipungua kwa sababu ya suala ambalo halimo katika mchoro wa kiwanda. Mwaka 2004 magazeti ya Marekani yalianza kuchunguza vifo vya watu waliopigwa kwa vifaa hivyo. Novemba 2004 shirika la kutetea haki za binadamu la Amnesty International lilitoa ripoti iliyosema kuwa zaidi ya watu 70 walikuwa wamekufa Marekani na Canada tangu 2001 baada ya kupigwa na umeme huo. Kampuni ilipinga, ikisema vifo vingi vilitokana na dawa za kulevya na maradhi mengine.

Januari 2005 Tume ya Dhamana na Masoko ya Mitaji ya Marekani ilianza kuchunguza mambo mawili: kauli za kampuni kuhusu usalama wa bidhaa zake, na oda moja ya dola milioni 1.5 kutoka kwa wakala wa jumla iliyoingizwa mwishoni mwa Desemba 2004. Bei ya hisa ilishuka kwa zaidi ya nusu ndani ya miezi michache. Halmashauri za miji nazo zikaanza kusita kununua.

Uchunguzi wa Tume ulimalizika mwaka 2006 bila kampuni kuchukuliwa hatua. Lakini kwa kiwanda hasara ilikwisha tokea, kwa sababu gharama zilizokwisha wekwa hazikusubiri matokeo ya uchunguzi.

Hesabu ya gharama za kudumu

Mfano ufuatao ni wa kubuni, na unaonyesha jinsi upungufu mdogo wa mauzo unavyozaa upungufu mkubwa wa faida.

Chukua kiwanda kinachouza vifaa 1,000 kwa mwaka kwa bei ya Sh. 100,000 kila kimoja. Mapato ni Sh. milioni 100. Vipuri vya kila kifaa ni Sh. 35,000, hivyo vipuri vyote ni Sh. milioni 35. Kodi ya jengo, mishahara ya mafundi, umeme, wanasheria na bima ni Sh. milioni 40, kiasi ambacho hakibadiliki iwe umeuza kifaa kimoja au 1,000. Faida ni Sh. milioni 25.

Mwaka unaofuata mauzo yanashuka kwa asilimia 30, hadi vifaa 700. Mapato sasa ni Sh. milioni 70. Vipuri vinashuka hadi Sh. milioni 24.5. Gharama za kudumu zinabaki Sh. milioni 40. Faida ni Sh. milioni 5.5 tu. Mauzo yamepungua asilimia 30, faida imepungua asilimia 78.

Ongeza juu ya hapo jengo jipya na mawakili wa kesi za vifo, na mtu anaielewa ile asilimia 94 ya TASER bila kumtafuta mwizi.

Kesi zenyewe ziliendelea kuuma. Mwaka 2006 mauzo yalirudi karibu pale pale yalipokuwa 2004, yaani dola milioni 67.7. Mwaka ule wa 2004 kampuni ilikuwa na faida ya dola milioni 18.9. Mwaka 2006 ilifunga vitabu kwa hasara ya dola milioni 4.1, hasa kutokana na gharama za kumaliza kesi zilizofunguliwa na wenye hisa. Mwekezaji aliyetazama mauzo peke yake angesema kampuni imepona.

Oda ya mwisho wa robo mwaka

Ile oda ya Desemba 2004 haikuzaa adhabu yoyote, lakini inafundisha. Mali ikitoka kiwandani kwenda kwa wakala, mara nyingi kampuni huandika kuwa imeuza. Lakini mali haijafika kwa mtumiaji. Wakala akikaa nayo, robo mwaka inayofuata hatanunua, na kiwanda kitapunguza kazi.

Wafanyabiashara wa Kariakoo na Gikomba wanalijua jambo hilo bila kusoma kitabu. Mwenye duka la jumla akijaza stoo ya mwenye duka la rejareja kwa mkopo hajauza, amehamisha mzigo. Mwekezaji anapoona mauzo yamepanda ghafla katika siku za mwisho za robo mwaka, aangalie pia fedha zinazodaiwa kwa wateja. Zikipanda kwa kasi kuliko mauzo, kuna mzigo umehamishwa.

Katriji ndiyo ng'ombe wa maziwa

Kilichoivusha kampuni hiyo katika miaka migumu ni kuwa haiuzi kifaa peke yake. Katriji hutumika mara moja tu. Katriji za matoleo ya zamani zilipewa pia ukomo wa miaka mitano tangu kutengenezwa, hivyo hata ambazo hazikufyatuliwa zilitakiwa kubadilishwa. Askari wakifanya mazoezi wanazitumia. Kila kifaa kilichouzwa ni ahadi ya katriji za miaka ijayo.

Kwa mkuu wa uzalishaji, mstari wa katriji ndio unaosawazisha kazi. Oda za vifaa zikipungua, katriji huwapa wafanyakazi kazi na hulipa gharama za kudumu. Kwa mwekezaji, kampuni yenye bidhaa ya kununuliwa tena na tena ina usalama zaidi kuliko ile inayouza mara moja na kusubiri miaka saba.

Baadaye kampuni ilikwenda mbali zaidi. Ilianza kuuza kamera za kuvaliwa na askari pamoja na huduma ya kuhifadhi picha kwa malipo ya kila mwezi, na Aprili 2017 ikabadili jina kuwa Axon. Mauzo yake ya mwaka 2024 yalizidi dola bilioni 2. Bunduki ya umeme bado ni bidhaa yake kubwa, lakini haibebi tena mzigo wote.

Jina la 'isiyoua' nalo limepunguzwa makali. Wataalamu wengi sasa husema silaha zenye madhara pungufu. Oktoba 2009 kampuni yenyewe iliwashauri polisi waepuke kulenga kifua pale inapowezekana. Kwa mwenye hisa, neno hilo moja ni suala la kesi na bima, na kwa hiyo ni suala la gawio.

Mfano wenye asili ya Afrika

Kampuni ya pili, Byrna Technologies, inaonyesha mahesabu hayo hayo yakienda upande wa pili. Bastola yake hurusha vitufe vyenye unga wa pilipili kwa nguvu ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na ilibuniwa Afrika Kusini. Uzalishaji mkubwa ulihamishiwa Fort Wayne, jimbo la Indiana, na Mei 2021 hisa zake ziliingia Nasdaq.

Mwaka wake wa fedha wa 2022 ulikuwa na mauzo ya dola milioni 48. Mwaka 2023 mitandao ya Facebook na Instagram ilikataa matangazo yake, na mauzo ya mwaka huo yakashuka hadi dola milioni 42.6, pamoja na hasara ya dola milioni 8.2. Kiwanda kilikuwepo, mafundi walikuwepo, wanunuzi ndio hawakufikiwa.

Kampuni ikageukia watangazaji mashuhuri wa redio na televisheni. Mwaka 2024 mauzo yaliongezeka maradufu hadi dola milioni 85.8, na hasara ikageuka faida ya dola milioni 12.8, ingawa sehemu ya faida hiyo ilitokana na nafuu ya kodi. Kiwanda cha Fort Wayne kiliongeza idadi ya bastola kwa mwezi bila gharama zake zote kuongezeka kwa kiwango hicho hicho. Gharama za kudumu zilizouma mwaka 2023 zilileta neema mwaka 2024.

Mambo ya kuangalia

Kabla ya kutoa fedha yake katika kampuni ya aina hii, mwekezaji mdogo anashauriwa kufungua taarifa ya mahesabu na kuangalia mambo matano.

Kwanza, mali iliyoko ghalani. Ikikua kwa kasi kuliko mauzo kwa robo mbili mfululizo, kiwanda kinatengeneza kisichotakiwa.

Pili, faida ghafi kwa asilimia ya mauzo. Ikishuka wakati mauzo yanapanda, huenda kuna vipuri vilivyopanda bei, vifaa vinavyoharibika au punguzo la bei linalofichwa.

Tatu, upanuzi wa kiwanda. Mkurugenzi akitangaza jengo jipya, swali ni oda zipi zilizosainiwa zitakazolijaza.

Nne, uwiano wa bidhaa ya kununuliwa mara moja na ile ya kununuliwa tena na tena.

Tano, maelezo ya kesi, ambayo huwekwa nyuma ya kitabu cha mahesabu kwa herufi ndogo. Huko ndiko mashaka ya kampuni za ulinzi huandikwa kwanza.

Mambo manne ya kwanza yako mikononi mwa mkuu wa uzalishaji au yanapita mezani kwake. Katika mikutano ya wenye hisa maswali karibu yote huelekezwa kwa mwenyekiti na mkurugenzi mkuu, na hujibiwa kwa maneno mazuri. Mwenye hisa akipata nafasi ya kuuliza swali moja tu, na aulize hili: kiwanda kinafanya kazi kwa asilimia ngapi ya uwezo wake, na kikibaki na nusu ya oda kitadumu miezi mingapi? Mwaka 2004, bei ya hisa za TASER ilipokuwa inapaa, jibu la swali hilo lingewafaa wanunuzi wa Desemba kuliko habari za kugawanywa kwa hisa.